Hela ya Kahawa na Hela ya Ndizi

Ukipita Kibosho, Marangu au Rombo ukamwuliza mzee, "Hapa kwenu mnaishi kwa zao gani?" huenda akakujibu upesi: "Kahawa." Hata kama miti yake imezeeka na mwaka huu amevuna debe chache tu. Ndizi haitaji. Kwa nini?

Tuanzie nyuma kidogo. Mgomba ulikuwapo kihambani tangu zamani sana. Kahawa ni mgeni. Ililetwa na mapadre wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa ukoloni serikali ilidai kodi, na aliyedaiwa ni mwanamume. Kihamba nacho hurithiwa na watoto wa kiume. Basi kahawa ikawa ya baba. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, aliyeuza kahawa na kupokea malipo kwa kawaida alikuwa yeye.

Mama akabaki na ndizi. Ndiye anayebeba mkungu kichwani mpaka sokoni, Mwika au Kiboriloni, na hela yake huishia kwenye chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Hapo ndipo mila inapotufundisha hesabu mbaya. Malipo ya kahawa huja kwa msimu, kwa mkupuo, nayo ndiyo tunayoyaita fedha. (Yanayotokea vilabuni siku ya malipo tunayajua, tusiyaandike hapa.) Hela ya ndizi huja kila siku ya soko, kidogo kidogo. Tunaiita hela ya chumvi, na hakuna anayeihesabu.

Sasa chukua kalamu. Mama akibakiza shilingi 2,000 kila wiki, kwa wiki 52 atakuwa na shilingi 104,000. Je, kahawa yenu ilileta ngapi, ukitoa gharama ya dawa na mbolea?

Baba anataka kufungua duka, anangoja msimu. Msimu ukiharibika, duka halifunguliwi. Kumbe mama yuko kwenye biashara siku zote! Ananunua mikungu kwa majirani, anaipeleka sokoni, anajua bei ya leo. Lakini akienda kuomba mkopo ataulizwa dhamana, na kihamba si chake. Ndiyo sababu akina mama wengi wamejiunga na Vikoba, ambako wanachama hudhaminiana.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kuwa na mali yake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Hata hivyo, mlimani kihamba bado hugawanywa zaidi kwa mila kuliko kwa sheria.

Jioni hii jaribuni kuhesabu pamoja, baba na mama, daftari moja. Anzeni na ng'ombe aliye bandani. Alinunuliwa kwa hela ya kahawa, sawa. Majani anakatiwa na nani? Na maziwa yakiuzwa, hela yake mnaiandika upande gani?