Usingizi wa mtoto mchanga hautoki kwenye chupa ya dawa

Mtoto huzaliwa hajui usiku wala mchana. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba giza limeingia, huanza kufuata mpangilio wa usiku na mchana mtoto anapofikisha miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo hulala vipande vipande, jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019. Kati ya miezi 4 na 11 hushuka hadi saa 12 hadi 16, usingizi wa mchana ukiwemo. Mzunguko mmoja wa usingizi wake hauzidi saa moja, ilhali wa mtu mzima ni dakika 90 hivi, na karibu nusu ya usingizi wa wiki za mwanzo ni ule mwepesi, wa kujinyonganyonga, kuguna na kutabasamu macho yakiwa yamefumba. Kila mzunguko unapokwisha hushtuka kidogo, na akikuta njaa, baridi au nepi iliyolowa, hulia. Ndivyo usingizi wa umri huo ulivyo. Si ugonjwa.

Hata hivyo, katika kliniki za mama na mtoto kuanzia Naivasha hadi Molo, siku ya chanjo ya wiki ya 10 au ya 14 haipiti bila swali lile lile: apewe nini ili alale usiku kucha? Swali hilo halizuki katika umri huo kwa bahati. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Ikiisha, mfanyakazi wa shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha anatakiwa kazini asubuhi na mapema, na mtoto hubaki na yaya au katika chumba cha kulelea watoto mtaani Karagita. Uchovu wa mama huyo ni wa kweli, na hakuna mtaalamu mwenye haki ya kuudharau. Kibaya ni jibu analouziwa.

Jibu hilo ni kijiko cha dawa ya mzio. Piriton, ambayo kiambato chake ni klofeniramini, imegeuzwa katika nyumba nyingi kuwa dawa ya kulaza watoto. Hununuliwa bila agizo la daktari, jirani humshauri jirani, na mara nyingine yaya humnywesha mtoto mama asijue. Utetezi wake ni kwamba hata hospitalini watoto huandikiwa. Utetezi huo hauna mguu wa kusimamia. Mtoto mwenye mzio kuandikiwa dawa kwa kipimo cha umri na uzito wake si ruhusa ya kumnywesha mtoto mwenye afya njema kila jioni ili nyumba itulie.

Histamini, pamoja na kazi zake nyingine mwilini, ni mojawapo ya kemikali zinazouweka ubongo macho. Dawa za mzio za kizazi cha kwanza hupenya hadi ubongoni na kuizuia. Kwa hiyo kinachoonekana kama usingizi mtamu ni ubongo uliofifishwa. Na kuamka ndiyo kinga kubwa ya mtoto mchanga: blanketi likimziba pua, au hewa ikipungua, hugeuza kichwa, hukohoa, hulia. Mtoto aliyeleweshwa huenda asifanye lolote kati ya hayo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru promethazini, dawa ya kundi hilo hilo, iwekewe onyo la daraja la juu kabisa, kwamba isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu ya vifo vilivyotokana na kushindwa kupumua. Mwaka 2008 mamlaka hiyo ikaonya dhidi ya dawa zote za mafua na kikohozi zinazouzwa bila agizo la daktari kwa watoto wa umri huo. Mwaka uliofuata Uingereza ikapandisha umri hadi miaka sita.

Linaloudhi zaidi ni kwamba hatari yote hiyo hainunui kitu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, watoto 44 wa miezi 6 hadi 15 waliokuwa wakiamka sana usiku waligawanywa makundi mawili: 22 wakapewa difenihidramini, dawa nyingine ya mzio inayosifiwa kwa kulaza, na 22 wakapewa dawa bandia isiyo na nguvu yoyote. Wazazi hawakujua nani kapata nini. Aliyepata nafuu kwa dawa halisi alikuwa mmoja. Kwa ile bandia walikuwa watatu. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa hapakuwa na maana ya kuendelea.

Wapo pia watoto ambao dawa hizi huwafanyia kinyume: badala ya kusinzia huhangaika na kulia zaidi, na mzazi asiyejua huongeza kijiko. Tena kijiko chenyewe ni cha jikoni, ambacho si kipimo cha dawa. Mtoto akinyweshwa mchana ili asimsumbue mlezi, hunyonya kidogo kutwa nzima, kisha usiku huamka kudai maziwa aliyoyakosa, na mama humrudisha kliniki na swali lile lile. Akiwa na homa, ulegevu wa dawa huweza kuficha ulegevu wa homa ya uti wa mgongo, ambayo haisubiri.

Uji kabla ya miezi sita ni toleo jingine la kosa hilo. Hudhaniwa kwamba tumbo likijaa kitu kizito mtoto hataamka. Utafiti wa Uingereza uliowafuata watoto 1,303 walionyonyeshwa, matokeo yake ya usingizi yakatolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba walioanzishiwa vyakula wakiwa na miezi mitatu walilala zaidi kidogo: tofauti ilipofika kileleni ilikuwa kama dakika 16 kwa usiku. Kwa dakika hizo mtoto wa Nakuru hupewa kikombe ambacho huenda kina vijidudu vya kuhara, na mara nyingi kimepikwa kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Tarajio lenyewe la kulala usiku kucha si sheria ya maumbile. Katika miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis wa jamii waliyoiita Kokwet, katika nyanda za juu magharibi mwa Nakuru. Watoto walibebwa mgongoni mchana, wakalala ubavuni mwa mama usiku na kunyonya kila walipotaka. Watoto wa Marekani waliolinganishwa nao waliweza kulala kama saa nane mfululizo wakiwa na miezi minne. Wa Kokwet walibaki kwenye saa nne na nusu hivi, na muda huo uliongezeka kidogo sana hadi mwezi wa nane. Hawakuwa wagonjwa. Hata huko ng'ambo mambo si kama yanavyosimuliwa: utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 38 ya watoto wa miezi sita, na asilimia 28 ya wale wa mwaka mmoja, hawajaweza kulala saa sita mfululizo, na ukuaji wao haukuwa na kasoro.

Kinachowezekana ni kuupanga usingizi, na kazi hiyo huanza asubuhi. Nakuru iko karibu na ikweta, hivyo jua huchomoza na kuchwa kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Katika wiki sita za mwanzo hakuna ratiba ya kulazimisha: anyonye anapotaka, mchana akae penye mwanga na sauti za nyumba, usiku ahudumiwe gizani bila mazungumzo wala mwanga wa simu. Kuanzia miezi miwili au mitatu aamshwe saa ile ile kila siku, atolewe nje kwenye mwanga, na jioni mambo yafuatane kwa mpangilio mmoja: kuoga, kunyonya, kubembelezwa, giza. Alazwe anaposinzia, kabla hajazama. Mama wa zamu akamue maziwa, ambayo hukaa saa nne nje ya friji mahali pasipo na joto kali, na mlezi afuate saa zile zile za kulala mchana. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, padaiwe. Baada ya miezi sita huhitaji usingizi wa mchana mara mbili au tatu, na karibu na mwaka mara moja au mbili. Akianza kuamka upya katika mwezi wa nane au wa tisa kwa kumlilia mama, atulizwe kwa sauti na mkono kwanza, kisha ratiba iendelee.

Alazwe chali, kwenye godoro gumu, bila mto. Baridi ya Mau Narok au Ol Kalou izuiwe kwa nguo za mwilini badala ya rundo la blanketi, na jiko la makaa lisilale chumbani, kwa kuwa hewa yake huua familia nzima bila harufu. Huko Marigat na kwingineko Baringo penye malaria, chandarua kila usiku.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, wa umri wowote anayepumua kwa shida, anayekataa kunyonya au anayekoroma kila usiku huku pumzi ikikatika, anahitaji kuonwa na daktari. Watatu wa kwanza wasingoje kuche. Aliyenyweshwa dawa ya mzio akawa mgumu kuamka apelekwe hospitalini mara moja pamoja na chupa, ili ijulikane amekunywa nini na kiasi gani.