Bei ya Kanuni: Soko la Vyumba vya Wanafunzi Singida

Kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, wakulima wa Singida wakiwa wanatayarisha mashamba kungoja mvua, madalali wa vyumba mjini huwa wameshaingia msimu wao. Wanafunzi wapya wa Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), Chuo cha Utumishi wa Umma na VETA hushuka kwenye mabasi ya Dodoma, Arusha na Mwanza wakiwa na begi, ndoo na barua ya kujiunga. Barua ya namna hiyo hubeba mambo mawili yanayoamua matumizi ya mzazi kwa mwaka mzima: kama chuo kitatoa kitanda, na kama kitatoa, kwa kanuni zipi.

La kwanza husomwa na ukoo mzima. La pili husainiwa bila kusomwa, nalo kwa maoni yangu ndilo linalotengeneza soko la vyumba vya kupanga. Kanuni za bweni huandikwa kama suala la nidhamu. Mfanyabiashara mjanja huzisoma kama orodha ya bei.

Mkoa huu, uliohesabiwa watu 2,008,058 katika sensa ya 2022 kutoka 1,370,637 mwaka 2012, una biashara mbili tofauti za malazi ya wanafunzi. Ya kwanza ni ya bweni kamili. Chuo cha Ualimu Kinampanda, wilayani Iramba, na chuo cha uuguzi cha Mtakatifu Gaspar, Itigi, ni vya aina hiyo. Mwanafunzi wa uuguzi ana zamu za wodini usiku, na mwalimu mtarajiwa hulelewa kwa kengele. Huko fedha ya malazi haimfikii mwenye nyumba yeyote. Inakwenda kwa mzabuni wa mahindi, maharage, mafuta na nishati, na zabuni za umma siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mfanyabiashara wa maharage asiyejua kujisajili humo amebaki kumuuzia aliyejisajili. Nishati nayo inabadilika: Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na kuweka ukomo wa Januari 2024. Agizo hilo likitekelezwa, muuza kuni hupoteza mteja wa jumla, muuza gesi humpata.

Biashara ya pili ni ya mjini, na hii ndiyo yenye mambo mengi. Vyuo vya biashara na utawala vya mikoani kwa kawaida huwa na vitanda vichache kuliko wanafunzi, kwa hiyo wengi hupanga mitaani. Wanaita geto. Ni chumba kimoja, mara nyingi cha uani, chenye godoro, mtungi mdogo wa gesi, pazia linalotenganisha "jikoni" na "chumbani", na kwa mwenye bahati, choo cha ndani.

Kwa nini mwekezaji asijenge hosteli kubwa akamaliza tatizo? Tutazame hesabu ya Mlimani. Mabweni yaliyofunguliwa na Rais John Magufuli katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, Aprili 2017 ni majengo 20 yenye nafasi 3,840, na yalitangazwa kugharimu shilingi bilioni 10. Hiyo ni kama shilingi milioni 2.6 kwa kitanda, gharama ndogo mno kwa jengo la ghorofa, na ilishuka hivyo kwa sababu Wakala wa Majengo Tanzania ndiye aliyejenga kwenye ardhi ya chuo. Kodi ikawekwa shilingi 500 kwa siku. Tukichukua siku 240 za masomo kwa mwaka, kitanda kinaingiza shilingi 120,000. Bila kumlipa mlinzi, bila maji, bila kubadilisha hata kitasa, na bila riba ya benki, fedha ya ujenzi itarudi baada ya miaka karibu 22.

Hakuna mkopeshaji wa Singida atakayempa mtu mkopo kwa hesabu hiyo. Kitanda cha umma ni ruzuku, na ni haki kiwe ruzuku. Ila kikishakuwapo kinaweka bei kichwani mwa mteja, na mwenye hosteli binafsi anayeomba mara tatu yake huonekana mnyonyaji hata kama anapata hasara. Ndiyo maana jirani zetu wa Dodoma walipotaka chuo cha wanafunzi 40,000 waliendea fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. UDOM, iliyoanza mwaka 2007, haikujengwa kwa kusubiri wenye nyumba binafsi. Singida haikuwa na fedha za aina hiyo, kwa hiyo hosteli yake imejengwa uani kwa watu, chumba kimoja kimoja, tofali za msimu huu na bati za msimu ujao.

Sasa tuje kwenye kanuni. Bweni la chuo cha Tanzania, popote lilipo, lina masharti yanayofanana: hakuna kupika chumbani, hakuna hita wala jiko la umeme, mgeni wa jinsia nyingine haingii au anaondoka jioni, geti lina saa yake, kitanda hakihamishwi kwa mtu mwingine, na chumba kinarudishwa likizo ikifika. La kupika ndilo ghali kuliko yote.

Fanya hesabu ya mfano, na uweke bei za mtaani kwako. Tuseme sahani ya wali maharage kwa mama ntilie ni shilingi 2,000, mara mbili kwa siku, na chai na chapati ni 1,000. Hiyo ni 5,000 kwa siku, 150,000 kwa mwezi. Wanafunzi wawili wanaopika pamoja ugali, mlenda na dagaa wanaweza kula kwa nusu ya hapo. Tofauti ya 75,000 kwa mwezi kwa kila mmoja ni kubwa kuliko kodi ya kitanda cha chuo kwa miezi kadhaa. Kitanda cha shilingi 500 chenye marufuku ya sufuria kinaweza kuwa ghali kuliko geto la kodi kamili lenye jiko. Wanafunzi wanalijua hili bila kuandika popote. Ndiyo maana wapo wanaopewa kitanda mwaka wa kwanza na wa pili wakahama wenyewe.

Naielewa sababu ya kanuni hiyo, na simlaumu aliyeiandika. Moto wa bwenini katika nchi zetu si hadithi: Sekondari ya Idodi, Iringa, ilipoteza wasichana 12 mwaka 2009, na Kenya ilizika watoto 21 wa Hillside Endarasha mwaka 2024. Chumba chenye vitanda vya deka na mitungi minne ya gesi ni hatari. Lakini kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Serikali hiyohiyo inayohimiza kila kaya ihamie kwenye gesi, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, inamkuta mwanafunzi wake akificha mtungi chini ya kitanda matroni akipita. Jawabu lingekuwa jiko la pamoja, chumba cha tofali na madirisha makubwa nje ya bweni, ambacho gharama yake ni ndogo kuliko ya bweni lenyewe. Mabweni mengi hayana.

Kanuni ya kutohamisha kitanda ina matokeo yake. Mlimani iliwahi kuzaa desturi maarufu ya kubebana: aliyepewa nafasi anamlaza rafiki aliyekosa, kitanda kimoja watu wawili, na ada inagawanywa kimya kimya. Mjini Singida kubebana kumehamia geto. Mmoja anaandikishwa kama mpangaji, wa pili anaitwa "ndugu aliyekuja kutembea", na mwenye nyumba anagundua pale tangi la maji linapoisha Jumatano badala ya Jumamosi.

Maji ndiyo yanayofunua kila siri ya nyumba ya kupanga hapa. Singida ni nchi kavu, na ziwa Singidani linalopendeza machoni lina maji ya chumvi. Mji hutegemea visima virefu vya mamlaka ya maji, SUWASA. Mwenye nyumba aliyeweka simtank mbili na pampu anapata wapangaji kabla dalali hajamaliza sentensi. Asiye nazo hukaa na vyumba vitupu hadi Desemba, akilaumu chuo.

Baada ya maji ni umeme, na hapa fedha ya wanafunzi inavuja bila wao kujua. TANESCO ina bei ya watumiaji wadogo: shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, kwa anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Wateja wa kawaida hulipa shilingi 292. Nyumba yenye vyumba vinane kwenye mita moja ni vigumu ibaki ndani ya uniti 75, hivyo mwanafunzi mwenye taa moja na chaja ya simu analipa bei ya mwenye friji. Juu yake kuna kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida baada ya kupandishwa mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayeilipa ni yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi, na katika nyumba ya wanafunzi ugomvi wa nani anunue mwanzoni mwa mwezi unaweza kuacha watu wanane gizani.

Tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka, kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mwanafunzi anasoma kwa muhula. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata bumu, yaani fedha ya kujikimu, kwa awamu, shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi baada ya kupandishwa kutoka 8,500. Asiye na mkopo yuko mikononi mwa mzazi. Na hao wa pili ni wengi katika vyuo kama hivi, kwa kuwa astashahada haiko kwenye mikopo ya Bodi, na mikopo ya stashahada iliyoanza mwaka wa masomo 2023/24 ilielekezwa kwenye fani za kipaumbele kama afya, kilimo na madini. Uhasibu wa ngazi ya stashahada haukuwamo.

Kwa hiyo kodi ya geto nyingi za Singida hutoka kwenye alizeti, vitunguu na kuku, na hutoka mara moja, baada ya mavuno. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka, huku wakulima wakilalamikia mafuta ya kula yaliyoingizwa kwa ushuru mdogo, kilio hakikuishia shambani. Mwenye nyumba wa mjini asiyelima hata mche mmoja ana hisa kwenye bei ya alizeti, na wengi hawajui kwamba wanayo.

Anayelipa na anayelala ni watu wawili. Hili limezaa tawi jipya la biashara: hosteli binafsi za wasichana, zenye fensi, mlinzi, daftari la wageni na geti linalofungwa saa nne usiku. Binti hazipendi sana kanuni hizo. Baba yake aliyeko wilayani Mkalama anazilipia kwa furaha. Kanuni ambazo chuo kinazitoa bure pamoja na kitanda, hapa zinauzwa, na zinauzwa vizuri. Nionavyo, hili ndilo eneo pekee la soko hili ambalo mwekezaji mwenye mtaji wa wastani anaweza kurudisha fedha yake Singida, mradi asahau ndoto ya ghorofa na aanze na vyumba kumi, mita ndogo kwa kila chumba, na jiko la pamoja. Mpikaji ataridhika, mzazi pia.

Sheria haimsaidii mwekezaji huyo wala kumzuia sana. Udhibiti wa kodi za nyumba ulifutwa mwaka 2005, hivyo bei ni makubaliano. Kinachobaki ni kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo kwenye geto hulipwa na wachache kwa sababu hakuna karatasi. Ukosefu wa mkataba unamfaidi mwenye nyumba mwezi wa kwanza tu. Mpangaji akiondoka usiku na deni la miezi miwili, hakuna cha kupeleka baraza la kata.

Vyuo vingeweza kulirekebisha hili kwa gharama ndogo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikiwa na orodha ya nyumba zilizokaguliwa, zenye maji, choo kinachofungwa na njia ya kutokea moto ukiwaka, dalali atapoteza nguvu na mwenye nyumba mzuri atapata tangazo la bure. Manispaa nayo ingepata kujua nani anapangisha.

Kwa wenye nyumba, ombi ni moja kabla ya Oktoba: acheni kudai mwaka mzima. Pangeni kodi kwa muhula, kwa mkataba wa ukurasa mmoja, kodi ya miezi kumi ikibeba ile miwili ya likizo. Na wewe mzazi, ukipokea barua ya chuo, usiishie kwenye ada. Soma ukurasa wa kanuni za malazi, tafuta mstari unaohusu kupika, kisha ndipo uamue kama kitanda cha bei rahisi ni rahisi kweli.