Amri Iliyotumwa Bado Haijatekelezwa

Malori yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita kwenye mizani ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) pale Vigwaza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka lori na mzigo wake visizidi tani 56. Kampuni ya uchukuzi inayopitisha malori hapo inahitaji kutunza kumbukumbu sahihi za kila gari: namba yake, uzito na saa ya kupimwa. Siku hizi kumbukumbu hizo hukaa kwenye seva, na mara nyingi seva moja hubeba ndani yake kompyuta kadhaa zisizoshikika. Hizo ndizo mashine pepe.

Programu maalumu huigawa seva, na kila mashine pepe ikapata fungu lake la nguvu, diski na mfumo endeshi wake. Mashine ya uhasibu ikiharibika, ile ya kufuatilia malori inaendelea na kazi. Teknolojia hii si ya jana. IBM walitoa VM/370 mwaka 1972, na KVM, inayotumiwa sana leo, iliingizwa kwenye Linux mwaka 2007.

Ugumu unakuja pale fundi mmoja anapotunza mashine kumi au ishirini. Kuingia kwenye moja baada ya nyingine na kuchapa amri kwa mkono ni kukaribisha makosa. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika.

Ndiyo maana amri huandikwa mara moja, kisha kompyuta yenyewe ikazipeleka kote. Njia ya kwanza ni mtandao, kwa kutumia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, pamoja na zana kama Ansible. Njia ya pili hupitia seva mwenyeji, ile inayobeba mashine pepe. Programu ndogo, yaani wakala, hukaa ndani ya mashine pepe ikingoja maagizo. Kwa mfano, wakala wa QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe) huyapokea kwa njia ya ndani, hata mtandao wa mashine hiyo ukiwa umekatika.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukimwagiza wakala wa QEMU kwa amri ya guest-exec, anakujibu kwa namba ya mchakato tu. Namba hiyo inasema kazi imeanza, basi. Ili ujue imeishaje, uulize tena kwa guest-exec-status. Namba ya matokeo ikirudi 0, kazi imekwisha salama. Kwa kawaida namba nyingine ni dalili ya hitilafu. Lori kuingia kwenye foleni ya mizani si kupimwa. Ushahidi ni tiketi.

Tazama suala la saa. Umeme ukikatika, seva yenye betri inaweza kuhifadhi hali ya mashine pepe kabla ya kuzima. Umeme ukirudi, mashine inaweza kuamka na saa ileile iliyolala nayo. Lori lililopimwa saa nne asubuhi likaandikwa saa mbili. Amri ya guest-set-time hurekebisha hilo, lakini isiachwe peke yake. Skripti nzuri huweka saa, huisoma upya na kuilinganisha na ya seva. Zikitofautiana, husimamisha uandikishaji na kumwarifu mtu.

Pia amri iwe salama hata ikirudiwa. “Weka saa iwe sawa na ya seva” haina madhara ikitumwa mara mbili kwa makosa. “Sogeza saa mbele dakika kumi” ikirudiwa inaharibu kila kitu.

Urahisi huu una hatari yake: aliyeiteka seva mwenyeji anaweza kuzifikia mashine zote. Juni 2023, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Mandiant ilieleza jinsi wadukuzi walivyotumia dosari ya wakala wa VMware Tools, iliyosajiliwa kama CVE-2023-20867, kutekeleza amri ndani ya mashine pepe bila nywila zake. Seva mwenyeji isasishwe, iingiwe na watu wachache wanaojulikana, na kila amri iandikwe kwenye daftari la mfumo. Majina na simu za madereva ni taarifa binafsi, na sheria ya kuzilinda ilianza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023.

Wasimamizi wa ofisi, kabla hamjanunua seva nyingine, mwombeni fundi wenu awaonyeshe matokeo ya amri za jana usiku. Akiwaonyesha orodha ya amri zilizotumwa tu, kazi haijakamilika.