Je, Wajua? Unga wa Metali Nao Huzeeka

Je, wajua kwamba ndege za Boeing 737 MAX 9 za Air Tanzania huruka na vipuri vilivyoanza kama unga? Injini zake, LEAP-1B, zina ncha za kunyunyizia mafuta zilizochapishwa kwa printa za 3D kutokana na aloi ya kobalti na kromiamu. Zamani ncha ya namna hiyo iliungwa kwa vipande karibu 20. Siku hizi ni kipande kimoja, tena kimepungua uzito kwa takriban robo.

Chembe za unga unaofaa printa za leza huwa na upana wa mikroni 15 hadi 45 hivi. Unywele wa binadamu una kama 70. Metali iliyoyeyuka hupigwa na mkondo mkali wa agoni au naitrojeni, ikatawanyika matone, nayo huganda yangali hewani. Yanayotakiwa ni ya mviringo. Chembe zenye pembe, au zilizobeba vitoto mgongoni, hazitandaziki sawasawa.

Mtiririko wa unga hupimwaje? Gramu 50 humiminwa kwenye faneli yenye tundu la milimita 2.5, mtu akahesabu sekunde. Ndiyo, hata kwa vipuri vya ndege.

Leza huyeyusha sehemu tu ya unga uliotandazwa. Uliobaki ni ghali mno kutupwa, hivyo huchekechwa na kurudishwa mashineni. Tatizo ni kwamba titani hunyonya oksijeni kila mzunguko, na oksijeni ikizidi, metali huwa ngumu lakini rahisi kuvunjika. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015, unga uleule wa aloi ya titani ulitumika mara 21 kwenye mashine ya miali ya elektroni. Oksijeni ilipanda kutoka asilimia 0.08 hadi 0.19, ilhali kikomo cha aloi hiyo ni 0.20. Cha ajabu, ulitiririka vizuri kuliko ulipokuwa mpya, kwani vile vitoto vilikuwa vimebanduka! Faneli peke yake ingeupa alama za juu unga uliokaribia kukataliwa.

Na titani huungua hata ndani ya naitrojeni, ndiyo maana printa zake za leza hujazwa agoni. Unga huo ukishika moto, usikimbilie ndoo: titani inayowaka huyavunja maji na kutoa hidrojeni, gesi ambayo nayo hulipuka.