Njia ya Machame kwenye Google: tovuti mpya hupataje hadhi

Tovuti mpya ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro huanza maisha bila kujulikana na mtu. Picha za kilele zinaweza kuwa nzuri, bei zikawa wazi na namba ya WhatsApp ikajibiwa usiku na mchana. Bado mgeni wa Toronto au Berlin anayetafuta habari za njia ya Machame hataiona, hata akipekua hadi ukurasa wa tano wa majibu ya Google. Atakutana kwanza na mawakala wa nje, majarida ya safari, tovuti zinazokusanya maoni ya wasafiri, na kampuni chache za Moshi na Arusha zilizowahi kuanza. Wakala wa nje mara nyingi hana hema wala gari Kilimanjaro. Akishampata mgeni humkabidhi kwa kampuni ya Moshi, naye akabaki na fungu lake. Nafasi kwenye majibu ya Google, basi, si suala la sifa tu: ndiyo inayoamua nani auze safari na nani aifanyie kazi safari iliyokwisha kuuzwa na mwingine.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na viungo. Kiungo ni maneno au picha kwenye ukurasa wa mtandao ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Kinapotoka kwenye tovuti moja kwenda kwenye tovuti ya watu wengine huwa pia ni ushahidi, kwa sababu mwenye ukurasa ameona liko jambo huko linalofaa msomaji wake. Kuhesabu ushahidi wa namna hii kulianza kabla ya intaneti. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha faharasa iliyoonyesha kila makala ya kisayansi imetajwa na makala zipi nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walilichukua wazo hilo wakalitumia kwa kurasa za mtandao. Mtambo wao wa awali uliitwa BackRub. Mwaka 1998 ukazaa kampuni ya Google, na kanuni yake ya hesabu ikajulikana kwa jina la PageRank.

Kiini cha kanuni hiyo ni kwamba viungo havina uzito sawa. Ukurasa unaotajwa na wengi wenye hadhi huwa na hadhi, nao ukiutaja ukurasa mwingine huupa sehemu ya hadhi hiyo. Sehemu yenyewe hutegemea idadi ya viungo vinavyotoka, kama maji ya mfongo (mfereji wa Wachagga) yanavyotegemea idadi ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vinavyonyweshwa. Katika maelezo yao ya mwaka 1998 Page na Brin walitumia kipimo cha 0.85, maana yake ukurasa hupitisha asilimia 85 ya hadhi yake kwenda kwa wengine. Ukurasa wenye viungo 10 hukipa kila kimoja asilimia 8.5 ya hadhi hiyo. Wenye viungo 500 hukipa kila kimoja asilimia 0.17. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kutajwa mara moja kwenye makala ya gazeti kubwa la safari kunaweza kuzidi kuorodheshwa katika makumi ya kurasa zilizosheheni majina ya kampuni.

Hesabu ya leo imekuwa pana zaidi. Google huangalia pia kama ukurasa unajibu swali lililoulizwa, kama unafunguka vizuri kwenye simu, na mambo mengine mengi ambayo haiyatangazi yote. Namba ya PageRank iliyokuwa ikionekana na watu wote iliondolewa mwaka 2016. Namba zinazotajwa sana sokoni siku hizi, ile ya kampuni ya Moz na ile ya Ahrefs, ni makadirio ya kampuni hizo zenyewe, na Google haizitumii kupanga majibu. Fundi wa tovuti anayeahidi kuifikisha tovuti kwenye 50 au 60 anauza namba. Wageni ni habari nyingine.

Kiungo kilipopata thamani, biashara yake haikukawia. Zilitokea tovuti zisizo na msomaji, zilizotengenezwa ili zitoe viungo tu. Watu walijaza anwani zao chini ya makala za wengine, hadi mwaka 2005 Google na wenzake wakaanzisha alama maalumu ambayo mwenye ukurasa huiweka kwenye kiungo ili kisihesabiwe kuwa ushahidi wake. Wikipedia iliiweka alama hiyo kwenye viungo vyake vyote vya nje mwaka 2007, kwa hiyo kuingiza anwani ya kampuni huko kwa tamaa ya hadhi ni kujisumbua na kuwasumbua wahariri. Mapema mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lilikuwa linatangulia kwenye majibu mengi kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo. Google ililishusha. Aprili 2012 ikaja kanuni iliyoitwa Penguin, iliyolenga viungo vya aina hiyo kwa ujumla, na tovuti nyingi zikaporomoka kwa siku chache. Tangu 2019 kiungo kilicholipiwa kina alama yake, na kununua viungo visivyo na alama ili kupanda kwenye majibu ni kuvunja masharti ya Google.

Lakini ofa hazijakoma. Kila mwenye anwani ya barua pepe kwenye tovuti ya utalii hupokea ujumbe wa kuuziwa mamia ya viungo kwa dola chache, au wa kuombwa kubadilishana viungo na tovuti ya kamari au ya dawa za kupunguza unene. Siku hizi mfumo wa Google mara nyingi huvipuuza tu viungo vya namna hiyo, hivyo hasara ya kwanza ni pesa iliyotoka. Vikizidi na vikionekana vimepangwa, tovuti inaweza kuadhibiwa kwa mkono wa mkaguzi, na kuisafisha huchukua muda mrefu kuliko ilivyochukua kuichafua. Kampuni ndogo ya Moshi, ambayo msimu wake mkubwa ni Juni hadi Oktoba, haiwezi kumudu kupotea Google miezi hiyo.

Viungo vya halali kwa kawaida viko karibu kuliko wenye tovuti wanavyodhani, na Moshi imejaaliwa kwa hilo. Kampuni iliyo mwanachama wa TATO, chama cha mawakala wa utalii chenye makao Arusha kilichoanzishwa mwaka 1983, inastahili kuonekana kwenye orodha ya wanachama ikiwa na anwani yake sahihi. Hapa makosa madogo hugharimu: jina limeandikwa vingine, anwani ni ya tovuti ya zamani, au kiungo hakifunguki. Hoteli za Moshi zinazolaza wageni kabla ya kupanda, wenye magari ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA, wauza kahawa wanaotembeza wageni mashambani, wote wana tovuti na wote wanafanya kazi na kampuni za mlimani. Ni jambo la kawaida mwenye hoteli kumtaja mshirika wake kwenye ukurasa wa kuelekeza wageni. Huo ni uhusiano wa kweli, na kiungo kinaufuata tu. Kampuni inayochangia mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo hufanyika Moshi kila mwaka tangu 2003, inaweza kutajwa kati ya wachangiaji; kiungo cha udhamini kitawekewa alama yake, na hakuna ubaya, kwani mgeni anayekibonyeza ni mgeni vilevile.

Orodha moja inafaa kutazamwa kwa karibu. Shirika la KPAP lilianza kazi Moshi mwaka 2003 kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe hujiita wagumu. Huchapisha majina ya kampuni washirika, na kampuni huingia humo baada ya kufuatiliwa jinsi inavyowalipa wagumu, inavyowalisha, inavyowalaza, na kama mzigo wao hauvuki kilo 20 za kikomo. Kiungo kinachotoka hapo kina uzito kwa sababu hakipatikani kwa kuomba. Majarida ya ng'ambo yanayoandika kuhusu kupanda mlima bila kuwanyonya wapagazi hurejea kwenye orodha hiyo, na msomaji makini huanzia hapo kabla hata hajafungua tovuti ya kampuni yoyote. Mwongozo wa Google kwa wakaguzi wake wa ubora husisitiza uaminifu, na mwaka 2022 uliongezewa kigezo cha uzoefu wa mwandishi mwenyewe. Kwa kampuni za mlimani vigezo hivyo viwili vina sura inayoonekana: malipo ya wagumu na miguu iliyokwisha kufika juu.

Imani moja inayosambaa sana ni kwamba kiungo kutoka chuo kikuu kina nguvu ya pekee kwa sababu anwani yake huishia na ac.tz. Google imekanusha mara nyingi kuwa mwisho wa anwani huongeza uzito. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye mteremko huohuo wa mlima, kikiitaja kampuni fulani kwa sababu wanafunzi wake walifanyia mafunzo huko, kiungo hicho kitakuwa kizuri kwa sababu ya chuo chenyewe na tovuti zinazokitaja.

Viungo vyote hivyo hufikia kikomo mapema, maana orodha za vyama na washirika si nyingi. Vinavyoendelea kuja miaka kwa miaka hutokana na ukurasa ambao watu wengine wanauhitaji kwa ajili ya kazi yao wenyewe. Hapa kampuni ya Moshi ina mtaji ambao wakala wa London hana, na mara nyingi haiutumii. Kurasa nyingi kuhusu njia ya Machame hurudia mambo yaleyale: lango liko karibu mita 1,800, kilele cha Uhuru mita 5,895, wageni hupanda hadi Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi kisha wakashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee hewa nyembamba. Yote ni kweli, na hakuna wa kuitaja tovuti ya mia moja inayoyasema. Lakini mgumu yeyote anajua kwamba maji ya mwisho yako bonde la Karanga, kwamba kambi ya Barafu haina chemchemi, na kwamba kila chai inayonywewa hapo ilipandishwa kwa mabega kutoka huko chini. Ukurasa unaoeleza maji yanapopatikana kambi kwa kambi, matope ya msituni yanavyokuwa Aprili na yanavyokuwa Agosti, na lini foleni huziba ukuta wa Barranco asubuhi, ukiwa na tarehe na picha za waongoza wageni wenyewe, utatajwa na mwandishi wa kitabu cha mwongozo, daktari wa wapanda milima, hata kampuni shindani ya ng'ambo. Ramani iliyopimwa kwa GPS hutajwa zaidi ya maneno ya sifa. Ukurasa wa bei hautajwi na mtu.

Upande wa Kiswahili uwanja ni mweupe zaidi. Kila Desemba Watanzania hupanda mlima kuadhimisha Uhuru, kwa kuwa ni tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipowasha mwenge na kupandisha bendera kileleni. Anayejiandaa kwa safari hiyo akitafuta kwa Kiswahili aina ya viatu, malipo ya hifadhi kwa raia au dalili za ugonjwa wa mwinuko, hukuta machache. Magazeti, redio na vikundi vya wapandaji vya Dar es Salaam vingekuwa na sababu ya kuuelekeza umma kwenye ukurasa mzuri wa namna hiyo kama ungekuwepo.

Kabla ya kungoja matunda kuna kazi ya awali, nayo ni fupi. Tovuti isajiliwe kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google inayoonyesha kurasa zipi zimesomwa, maneno gani yamewaleta watu, na tovuti zipi zina viungo vinavyoielekea. Kurasa za ndani ziunganishwe: ule wa maji ya Karanga uelekeze kwenye ule wa safari ya Machame, na maneno ya kubonyezwa yaseme wazi yanakokwenda. Google iliwahi kuwaambia wenye tovuti kuwa maboresho huchukua miezi 4 hadi mwaka kuonekana.

Hadhi ikishapatikana hukaa kwenye anwani. Kampuni inayobadili jina la tovuti bila kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya huviacha nyuma viungo vyote. Inayosahau kulipia anwani mwaka ukiisha yaweza kuikuta imenunuliwa na wafanyabiashara wa viungo, ambao hutafuta hasa anwani zilizoachwa na wenye sifa. Google ilitangaza hatua dhidi ya mtindo huo Machi 2024, ila anwani ikishakwenda hairudi kwa sababu hiyo. Nywila na risiti za anwani mara nyingi huwa kwa kijana aliyetengeneza tovuti, si kwa mwenye kampuni, na huanza kutafutwa baada ya kijana huyo kuhamia Dar es Salaam na kubadili namba ya simu.