Daftari la Kuni, Umeme na Taka Shuleni

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na karatasi. Leo tutatumia hesabu ya kugawanya katika jambo linalomhusu kila mzazi, nalo ni kuni, umeme na taka za shule ya watoto wetu.

Katika shule nyingi za Tanzania chakula cha mchana hupikwa kwa kuni. Kuni hizo hununuliwa kwa michango ya wazazi, au watoto huzileta vichwani. Basi mwalimu mkuu akisema mkutanoni, "Tumejenga jiko jipya, sasa tunaokoa kuni," mzazi afanye nini? Apige makofi tu? La. Aombe kuona daftari.

Andikeni mfano huu. Tuseme shule ina watoto 200, na mwezi wa Januari walikula siku 20. Mara 200 kwa 20, tunapata sahani 4,000. Kila asubuhi mpishi alipima kuni kwa mizani kabla ya kuziwasha. Mwezi ulipokwisha zilikuwa kilo 2,000. Kilo 2,000 tukizigawanya kwa sahani 4,000, kila sahani imekula nusu kilo ya kuni, yaani gramu 500.

Mwezi wa Februari shule ikajenga jiko banifu, ambalo huuzingira moto ili upepo usichukue joto lake. Mwezi wa Machi kuni zilikuwa kilo 2,000 vile vile! Mzazi mmoja akasimama kwa hasira akasema, "Fedha zetu zimepotea." Je, alisema kweli?

Tazameni daftari. Mwezi wa Machi watoto walikuwa 250, na siku zilikuwa 20. Hesabuni wenyewe.

(Kimya kidogo.)

Sahani ni 5,000. Gawanyeni kilo 2,000 kwa 5,000: ni gramu 400. Kila sahani imeokoa gramu 100, na sahani zote zimeokoa kilo 500. Jiko linafanya kazi. Lakini bila kuhesabu sahani, jiko jema lingalivunjwa bure. Kadhalika, shule ikifungwa wiki mbili kuni zitapungua. Huko si kuokoa, ni likizo tu.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shule yenu ikihamia gesi, msilitupe daftari. Andikeni kilo za gesi na bei yake.

Sasa umeme. Umeme hupimwa kwa uniti. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 10 hula uniti moja. Mita ya LUKU huonyesha uniti zilizobaki. Kwa hiyo chukueni zilizokuwamo mwanzo wa mwezi, ongezeni zilizonunuliwa, kisha toeni zilizobaki mwisho wa mwezi. Kama zilikuwamo 30, zikanunuliwa 100, zikabaki 40, basi zilizotumika ni 90.

Tatu ni taka. Kutenga chupa za plastiki katika pipa lake ni mwanzo mwema, lakini chupa zikikaa pipani na mwishowe zikachomwa moto, hakuna kilichookolewa. Daftarini andikeni kilo zilizotoka kwa mnunuzi wa chakavu, pamoja na stakabadhi yake. Maganda na mabaki ya chakula yapimwe yanapoingia shimo la mboji, maana yatarudi bustanini kuwa mbolea.

Ndugu zangu, zamani mtu asiyejua kusoma alikaa nyuma mkutanoni, akaitikia yaliyosemwa na wengine. Leo ninyi mnajua kusoma safu za daftari na kugawanya. Mnaweza kumsifu mpishi kwa haki, na mnaweza kuuliza kuni zimekwenda wapi.

Kazi ya nyumbani: pimeni kuni au mkaa wa nyumbani kwenu kwa siku 7. Kila siku andikeni kilo, na idadi ya watu waliokula. Jumlisheni kilo zote, jumlisheni watu wote, kisha gawanyeni. Jibu mlilete darasani, mlilinganishe na la jirani yenu.

Kwaherini, hadi somo lijalo.