Vidole vilivyoshikana: si bulozi, wala si kosa la mama

Sisi watu wa Lubunga tunajua namna mutumbwi unapatikana. Fundi haongezi kitu juu ya muti, anaondoa. Anachonga ndani, anatupa mabaki, na ile nafasi inayobaki njo inatuvusha mto Kongo mpaka ngambo ya mjini.

Mwili wa mutoto ndani ya tumbo la mama unafanya vilevile. Karibu na juma la 6, mukono wake ungali kama kafi ndogo: vidole vimeanza, lakini nyama inavishikanisha. Kisha chembe za katikati, zile zinaitwa selile, zinakufa. Si kwa ugonjwa, ni kwa mpango. Zinajivunja vipande vidogo, na selile zingine zinavimeza. Kufikia juma la 8, vidole vimeachana. Mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie waliita kifo hiki apoptozi.

Tuangalie miguu ya kuku na ya bata. Kwa kuku, selile za katikati ya vidole zinakufa kwa wingi. Kwa bata zinakufa kidogo tu, ngozi inabaki, naye anaogelea.

Maungio nayo yanahitaji nafasi. Mwanzoni kidole ni kama fimbo moja, bila kifundo. Pale kifundo kitakuwa, selile zinabadilika, zingine zinakufa, na nafasi yenye maji inafunguka. Lakini kifo hicho hakifanyi kazi peke yake: mutoto anapaswa pia kucheza tumboni. Asipocheza vizuri, maungio yanaweza kukauka.

Kwa nini tunaandika haya? Sababu mutoto akizaliwa na vidole vimeshikana, watu wanaanza kutafuta mulozi, ao kumuuliza mama alikula nini. Jamani, tumuache huyo mama! Mara nyingi ni kazi ya kuondoa tu njo haikumalizika, na pengine inatoka katika ukoo, upande wa baba ao wa mama.

Musikate na wembe, musifunge uzi: mishipa ya damu inapita pale. Munganga wa upasuaji anaweza kuviachanisha, mara nyingi mutoto akifikisha mwaka 1 hivi. Na kama maungio yake hayakunjuki tangu kuzaliwa, musingojee. Mupande mutumbwi, muvuke naye, mumuonyeshe munganga.